Sura ya Saba: Jina Lililo Kwenye Fomu

Mtu akifariki Kenya, jamaa huanza kuhesabu alichoacha: shamba, nyumba, gari, mifugo, akaunti ya benki, hisa, akiba ya chama. Pensheni ya kazini nayo hutiwa katika orodha hiyohiyo, na hapo ndipo familia nyingi hupotea njia. Kwa sheria ya Kenya, akiba iliyo katika mfuko wa pensheni wa kampuni, au ile ambayo mtu alijiwekea mwenyewe katika mfuko wa binafsi, si sehemu ya mirathi yake. Wosia hauigusi. Hakimu wa mirathi haigawi. Kikao cha ukoo hakina mamlaka nayo, hata wazee wote wakihudhuria.

Msingi wa jambo hili ni kifungu cha 36A cha Sheria ya Mafao ya Kustaafu, sheria namba 3 ya mwaka 1997. Kinasema kwamba mwanachama akifariki, mafao yake hayahesabiwi kuwa mali ya marehemu kwa ajili ya usimamizi wa mirathi, bali wadhamini wa mfuko watayalipa kwa mujibu wa kanuni za mfuko huo. Majaji wa Mahakama Kuu wameutumia msimamo huo katika kesi ambazo warithi walitaka fedha hizo ziingizwe kwenye orodha ya mali. Aliyekwenda mahakamani akidhani barua ya usimamizi wa mirathi itamfungulia kila mlango, kwa wadhamini hukuta kwamba kinachoulizwa kwanza ni kitu kingine: marehemu aliandika nani?

Sheria hii haikutungwa ili kuwanyima warithi haki yao. Ukitazama jinsi pensheni inavyofanya kazi utaona mantiki yake. Kila mwezi mfanyakazi hukatwa sehemu ya mshahara na mwajiri huongeza yake. Fedha hizo hazikai kwa jina la mfanyakazi, wala hazibaki mikononi mwa mwajiri. Hushikwa na wadhamini. Msimamizi wa mfuko huweka hesabu za kila mwanachama, meneja wa uwekezaji hununua dhamana za serikali, hisa na majengo, na benki hutunza hati za mali hiyo. Wote hao husajiliwa na kusimamiwa na Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu. Kwa hiyo marehemu hakuwahi kuzimiliki fedha zile kama alivyomiliki gari lake. Alichokuwa nacho ni haki ya kulipwa akistaafu, na haki ya kusema nani alipwe endapo atafariki kabla. Haki hiyo ya pili ndiyo inayoandikwa kwenye fomu ya wanufaika, na ndiyo ninayotaka msomaji aondoke nayo katika sura hii, kwa sababu hakuna karatasi yenye uzito kama huo ambayo watu huijaza kwa haraka na kuisahau kwa muda mrefu namna ile.

Tazama kwanza faida yake. Mirathi ya kawaida ya mtu asiyeacha wosia huchukua muda. Ombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na watu hupewa siku 30 za kupinga. Barua ya usimamizi ikitolewa, sheria ya urithi hutaka kwa kawaida ipite miezi sita kabla ya mahakama kuithibitisha na mali kugawanywa. Hapo hakuna mgogoro. Ukiwepo, hesabu ni ya miaka. Pensheni hupita nje ya safari hiyo yote. Mjane mwenye karatasi zake kamili, ambaye jina lake liko kwenye fomu, anaweza kulipwa wakati kesi ya shamba haijapangiwa hata tarehe. Tena wadai wa marehemu hawaifikii kirahisi. Kifungu cha 36 cha sheria hiyohiyo kinazuia michango na akiba ya mwanachama isikamatwe kwa sababu ya hukumu ya deni, isipokuwa kanuni za mfuko ziruhusu. Liko jambo moja la kuangalia hapa. Mwanachama anaruhusiwa kuweka hadi asilimia 60 ya akiba yake kuwa dhamana ya mkopo wa nyumba. Kama marehemu alifanya hivyo, aliyemkopesha ana dai lake, na familia iulize mapema ikiwa mkopo ule ulikuwa na bima.

Sasa tuingie kwenye fomu yenyewe. Tuseme kijana ameajiriwa ukarani katika kampuni ya mizigo Changamwe akiwa na miaka 24. Siku ya kwanza anapewa rundo la karatasi: mkataba, bima ya afya, akaunti ya benki, na katikati yake fomu ya wanufaika. Hana mke wala mtoto. Anaandika jina la mama yake, asilimia 100, anatia sahihi, anakwenda kuonyeshwa meza yake. Miaka 19 baadaye anafariki akiwa kazini bado. Ana mke, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili. Katika mfuko ana shilingi 2,400,000. Mshahara wake ulikuwa 50,000 kwa mwezi, na kanuni za mfuko wake zinatoa bima ya maisha ya kikundi ya mishahara ya miaka mitatu, yaani 1,800,000 nyingine. Jumla ni 4,200,000, na kwenye faili kuna jina moja tu.

Nini hutokea? Hutegemea kanuni za mfuko, na hizo hazifanani. Iko mifuko ambayo fomu ni amri: aliyeandikwa ndiye anayelipwa. Iko mingi ambayo fomu ni maombi ya marehemu kwa wadhamini, nao huyapa uzito mkubwa lakini hubaki na hiari ya kuwatazama waliokuwa wakimtegemea. Hapo wadhamini hugeuka wachunguzi. Huomba barua ya chifu inayotaja familia ya marehemu. Huomba vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa, au kiapo pale ambapo ndoa ilikuwa ya kimila na haikusajiliwa. Huita mjane na mama mkwe kila mmoja kwa wakati wake. Huuliza nani alilipa karo, nani aliishi na marehemu, bibi aliyezeeka alikuwa akitumiwa kiasi gani kwa mwezi. Kazi hii ni nzito, na wadhamini wenyewe ni watu wa kawaida, baadhi yao wamechaguliwa na wafanyakazi wenzao, wengine wameteuliwa na mwajiri. Wanaamua maisha ya watoto ambao huenda hawajawahi kuwaona.

Afrika Kusini wamelichukulia jambo hili kwa ukali zaidi. Kifungu cha 37C cha sheria yao ya mifuko ya pensheni ya mwaka 1956 kinaiwajibisha bodi ya mfuko kuwatafuta wategemezi wote wa marehemu, na kuwagawia kwa haki kulingana na hali zao. Jina kwenye fomu ni mojawapo tu ya mambo ya kuangaliwa, na bodi imewekewa miezi 12 ya kufanya utafutaji huo. Naupenda msimamo huo. Unamlinda mtoto ambaye baba yake hakurudi kubadilisha fomu. Nchini Kenya ulinzi wa namna hiyo umeachwa kwa kiasi kikubwa kwa kanuni za kila mfuko, na mfuko wenye kanuni nzuri unaweza kuwa jirani na mfuko wenye kanuni dhaifu katika jengo hilohilo.

Penye wake wawili mambo huwa mazito zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa ya mitala ya kimila na ya Kiislamu. Hata hivyo fomu nyingi huwa na jina la mke mmoja, mara nyingi yule aliyekuwa anajulikana kazini. Mke wa pili hujitokeza kwenye mazishi akiwa na watoto wanaofanana na marehemu kwa kila hali, na kampuni haina habari zake. Wadhamini waangalifu humsikiliza na kumwomba ushahidi. Wadhamini wazembe humwambia aende mahakamani, ilhali mahakama ya mirathi itamwambia kwamba fedha hizo si sehemu ya mirathi. Mwanamke huyo huzungushwa baina ya milango miwili, kila mmoja ukimwelekeza kwa mwenzake. Mwenye wake zaidi ya mmoja akiandika majina yao wote na sehemu ya kila mmoja, atakuwa amewakinga na fedheha hiyo. Anayeficha mke wa pili hadi kaburini anawaachia watoto wake vita ambavyo yeye hatakuwepo kuvituliza.

Yapo na makosa madogo yenye gharama kubwa. Mtalaka ambaye bado yumo kwenye fomu miaka kumi baada ya talaka. Mama aliyeandikwa peke yake naye akatangulia kufariki. Asilimia zinazojumlishwa zikazidi 100. Jina la utani, “Mama Zawadi”, bila namba ya kitambulisho, hivi kwamba wanawake wawili wanaweza kulidai.

Pwani kuna swali jingine, nalo halizungumzwi vya kutosha. Kwa Mwislamu, mali ya marehemu hugawanywa kwa faraidhi. Wasia hauvuki theluthi, na mrithi hausiwi isipokuwa warithi wenzake waridhie. Rudi kwa yule karani wetu, umchukulie kuwa ni Mwislamu ambaye baba yake alikwisha fariki. Zile 2,400,000 za akiba zikigawanywa kwa faraidhi, mke angepata thumuni, yaani 300,000. Mama angepata sudusi, 400,000. Zinazobaki 1,700,000 zingekuwa za watoto, mwana wa kiume 850,000 na kila binti 425,000. Lakini fomu yasema mama, asilimia 100. Je, mama yule ni mmiliki wa fedha zote, au ni mwaminifu aliyekabidhiwa azipeleke kwa wenyewe?

Wapo wanaoshika kwamba akiba iliyokatwa kwenye mshahara ni jasho la marehemu lililocheleweshwa tu, kwa hiyo ni turathi na faraidhi inaihusu, ila bima ya maisha iliyolipiwa na mwajiri ni tunu inayomwendea aliyetajwa. Wapo wanaoona kwamba madhali sheria ya nchi imeitoa nje ya mali ya marehemu, haikuwahi kuingia katika turathi. Malaysia walilikata shauri hili zamani: katika mfuko wao mkuu wa wafanyakazi, mtu aliyetajwa na mwanachama Mwislamu huchukuliwa kuwa wasii, anayezipokea fedha ili azigawe kwa sheria ya Kiislamu. Kenya haina kanuni kama hiyo. Katiba, katika ibara ya 170, inawapa Makadhi mamlaka ya mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kushtakiana mbele yao, lakini Kadhi hawezi kuwaamrisha wadhamini kugawa kitu ambacho sheria imesema si mirathi. Kwa hiyo dhima inabaki juu ya mwenye fomu. Anayetaka faraidhi ifuatwe anaweza kuandika warithi wake wote na kuweka asilimia zinazolingana na mafungu yao, na kuzirekebisha kila anapozaliwa mtoto au kufiwa na mzazi. Ni kazi ya dakika chache. Azungumze na sheikh wake kabla, wala asiwaachie mama na mkewe wazozane juu ya nia yake.

Kuhusu watoto wadogo, mtu asiandike tu majina yao akaridhika. Mtoto aliye chini ya miaka 18 hawezi kukabidhiwa mamilioni mkononi. Fedha zake hulipwa kupitia mlezi, au huwekwa katika mfuko wa udhamini unaolipa karo, matibabu na matumizi yake kidogo kidogo, kisha akabidhiwe kinachobaki akiwa mtu mzima. Mimi ni wa upande wa udhamini. Walezi wengi ni waaminifu, lakini fungu lote likilipwa mara moja kwa ami au mjomba mwenye shida zake, hakuna atakayejua zilikwenda wapi mpaka mtoto atakapofukuzwa shule kwa kukosa karo. Mwanachama anaweza kuwaeleza wadhamini kwa maandishi kwamba sehemu ya watoto iwekwe katika udhamini. Na mzazi mwenye mtoto wa nje ya ndoa amwandike. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto haki ya kulelewa na kulindwa na wazazi wote wawili, wawe wameoana au hawajaoana.

Mambo hubadilika mtu akifariki baada ya kustaafu. Anayestaafu kutoka mfuko wa pensheni huchukua hadi theluthi moja ya akiba yake taslimu, na kinachobaki hugeuzwa mapato ya kila mwezi. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kununua malipo ya maisha kutoka kampuni ya bima. Mkataba huo ukiwa wa mtu mmoja bila kipindi cha uhakika, mstaafu akifariki mwaka wa pili malipo yamekoma, na mjane hana cha kudai. Ukiwa na uhakika wa miaka 10, miaka minane iliyobaki hulipwa kwa wanufaika. Ukiwa wa watu wawili, mke au mume aliyebaki huendelea kulipwa hadi naye afe, ingawa malipo ya mwezi huwa madogo kidogo tangu mwanzo. Njia ya pili ni kuiacha akiba iendelee kuwekezwa huku mstaafu akichota kwa kiwango maalumu, kisichozidi asilimia 15 ya salio kwa mwaka. Akifariki, salio lililobaki ni la wanufaika. Mkataba wa bima ukishatiwa sahihi haubadiliki, kwa hiyo mke au mume awepo siku ya kuchagua. Wastaafu wengi huvutwa na tarakimu kubwa ya mwezi ya ule mkataba wa mtu mmoja, na wanaoilipia tofauti hiyo ni wajane.

Familia iliyofiwa ifanye nini? Ianze na cheti cha kifo, maana kibali cha mazishi pekee hakitoshi. Iandike barua kwa mwajiri na kwa wadhamini ikitoa taarifa ya kifo na kuomba fomu ya madai. Iambatanishe nakala za vitambulisho, cheti cha ndoa au kiapo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya chifu na namba za akaunti za wanaodai. Iombe kwa maandishi vitu vitatu: taarifa ya mwisho ya akaunti ya marehemu, nakala ya fomu ya wanufaika, na kanuni za mfuko zinazohusu kifo. Aliyeshika kanuni mkononi hadanganyiki kirahisi.

Isisahau pia kwamba kila fungu lina mlango wake. Akiba ya NSSF hudaiwa NSSF. Sacco ina fomu yake ya mnufaika chini ya sheria ya vyama vya ushirika. Kama kifo kilitokana na ajali kazini, Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inatoa fidia ya mapato ya miezi 96, mbali kabisa na pensheni. Waliotunza akiba ndogo ndogo, kama wafanyabiashara wa jua kali waliojiunga na mpango wa Mbao ulioanzishwa mwaka 2011 kwa kuweka shilingi 20 kwa siku, nao wana wanufaika wa kulipwa, hata kama hakuna mwajiri wa kuwakumbusha.

Akiba zinazopotea zaidi ni za kazi za zamani. Mtu alifanya kazi hoteli Malindi miaka minne, akahamia Nairobi, akabadilisha kampuni mara mbili. Kila alipoondoka aliacha sehemu ya mafao yake nyuma, kwa kuwa sehemu ya mwajiri kwa kawaida haichukuliwi yote kabla ya umri wa kustaafu. Mkewe anaijua kampuni ya mwisho tu. Familia ipitie hati za zamani za mshahara, iwaulize wafanyakazi wenzake, iandikie Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu kuuliza kampuni ile ilikuwa katika mfuko upi. Itafute pia jina la marehemu kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 kupokea fedha ambazo wenyewe hawakujitokeza.

Wadhamini wakitoa uamuzi usioridhisha, kifungu cha 46 cha Sheria ya Mafao ya Kustaafu kinaruhusu kumwomba kwa maandishi Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu aupitie upya. Uamuzi wa Mamlaka nao hukatiwa rufaa katika Baraza la Rufaa za Mafao ya Kustaafu. Njia hii haina gharama kubwa kama ya mahakama, na majaji mara nyingi huwarudisha watu waipitie kwanza.

Neno kwa wenye ndugu Uingereza: huko pia pensheni nyingi za binafsi hulipwa kwa hiari ya wadhamini kwa kufuata barua ya matakwa. Aliyefariki kabla ya kutimiza miaka 75, wanufaika wake kwa kawaida hawatozwi kodi ya mapato kwa wanachopokea. Aliyefariki baada ya hapo, hutozwa. Tena mwezi Oktoba 2024 serikali ya huko ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 6 Aprili 2027 akiba nyingi za pensheni ambazo hazijatumiwa zitahesabiwa katika kodi ya urithi. Mwenye jamaa huko amwambie ashauriane na mtaalamu kabla ya tarehe hiyo.

Wewe unayesoma na ungali hai una nafasi ambayo yule karani wa Changamwe hakuitumia. Kesho asubuhi nenda kwa afisa wa wafanyakazi, au andikia msimamizi wa mfuko wako, uombe nakala ya fomu uliyojaza ulipoajiriwa. Soma majina yaliyomo. Kama hayalingani na nyumba uliyonayo leo, omba fomu mpya, uijaze kwa majina kamili na namba za vitambulisho, uirudishe na upate muhuri wa kupokelewa. Nakala moja mpe mwenzio. Na kila mwaka mpya, fungua tena uisome.